KUPIMA KWANZA, KUGAWA BAADAYE: SOMO LA KUBANA VIDEO KWA PASI MBILI



 

Utangulizi

Ndugu zangu wanafunzi, kila mwaka madrasa nyingi hurekodi shughuli zao: mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, mahafali, Maulidi, darsa za Ramadhani na mawaidha ya masheikh wageni. Rekodi hizi ni hazina. Sheikh aliyetoa darsa anaweza kuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mtoto aliyesoma juzuu ya kwanza mbele ya watu anaweza kuwa leo ni mwalimu. Kinachobaki ni ile faili.

Lakini faili inayotoka kwenye kamera ni kubwa. Haiingii kwenye simu ya mzazi, inamaliza bando, na pengine hata flashi inaikataa. Kwa hivyo mtu huibana ili iwe ndogo. Hapo ndipo rekodi nyingi zinapoharibika: picha inajaa miraba miraba, nyuso hazitambulikani, na sauti inakuwa kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Na mara nyingi aliyeibana ameshaifuta faili ya asili.

Somo hili linaeleza njia moja ya kubana video inayoitwa pasi mbili. Neno pasi hapa lina maana ya mpito: programu kuipitia video kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pasi mbili maana yake ni kuipitia mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya kupima, na mara ya pili kwa ajili ya kubana. Mwanafunzi anayejua kuzidisha na kugawanya analiweza somo hili, inshaallah.

1. Video ni kitu gani?

Video ni picha nyingi zinazooneshwa moja baada ya nyingine kwa haraka, mpaka jicho likaona kitu kimoja kinachotembea. Kamera za mfumo wa PAL, uliotumika katika televisheni za Afrika Mashariki, huchukua picha 25 kwa sekunde. Simu nyingi huchukua 30.

Kila picha imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Tuchukue picha yenye pikseli 1,280 kwa upana na 720 kwa urefu. Jumla ni pikseli 921,600. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, picha moja inakuwa na baiti 2,764,800. Zidisha kwa picha 25, utapata baiti 69,120,000 kwa sekunde moja tu. Mahafali ya saa 2 yangehitaji karibu GB 498. Hakuna mzazi mwenye simu ya kubeba mzigo huo.

Sasa video inabanwaje? Siri ni kwamba picha mbili zinazofuatana hufanana sana. Sheikh ameketi kwenye kiti, nyuma yake kuna ukuta mweupe. Kutoka picha moja hadi nyingine kinachobadilika ni midomo, macho na pengine mkono. Ukuta uko palepale. Basi programu huiandika picha ya kwanza yote, kisha katika zinazofuata huandika yaliyobadilika tu. Mfumo wa H.264, uliopitishwa mwaka 2003 na ambao hadi leo unafunguka karibu katika kila simu, huigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, kisha hutafuta kila mraba umehamia wapi. Ukipatikana, huandikwa kwamba umesogea kiasi kadhaa, pamoja na tofauti ndogo iliyobaki.

Kwa hivyo kipande chenye utulivu kina gharama ndogo. Chenye gharama kubwa ni kile ambacho kila kitu kinabadilika kwa pamoja: zafa ya Maulidi yenye bendera na dufu, watoto wakikimbia uwanjani, mawimbi ya bahari, minazi ikipigwa na upepo. Chumba chenye giza pia kina gharama, kwa sababu kamera katika giza hutoa chenga. Chenga hazina mpango wowote, na kisicho na mpango hakiwezi kukisiwa. Lazima kiandikwe chote.

2. Bitireti

Biti ndiyo sehemu ndogo kabisa ya taarifa katika kompyuta: ni 0 au 1. Biti 8 hufanya baiti 1. Bitireti ni idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya video. Tukisema bitireti ni 1,000, kwa kawaida tunakusudia kilobiti 1,000 kwa sekunde, yaani biti 1,000,000.

Kanuni yake ni hii, na inafaa ihifadhiwe:

Ukubwa wa faili = bitireti x muda

Tazameni kwamba katika kanuni hii hakuna neno uzuri wala neno picha. Faili ya saa 2 yenye bitireti ya wastani wa 1,000 itakuwa na ukubwa uleule, iwe ni ya sheikh aliyeketi au ya zafa. Kinachotofautiana ni namna picha itakavyoonekana.

Mara nyingi ukubwa hatuuchagui sisi, bali unawekwa na chombo. Sidii ya kawaida hubeba MB 700. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7. Flashi iliyotayarishwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja inayofika GB 4 kwa hesabu ya kompyuta, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 32. Hii ndiyo sababu ya flashi kukataa faili huku nafasi ikiwa tele. Na mzazi mwenye bando la GB 1 hawezi kupokea faili ya GB 3.

Basi tunayo bakuli moja yenye kiasi maalumu cha biti, na vipande vingi vya video vinavyosubiri fungu lao. Suala ni: vigawiwe vipi?

3. Kuhesabu kwanza

Wazo la kuhesabu kabla ya kugawa lina historia ndefu katika elimu. Mwanachuoni Yakub bin Is-haq Al-Kindi, aliyeishi Iraq katika karne ya 9 miladia, aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri. Njia yake ilikuwa kuhesabu: herufi ipi inajitokeza sana katika lugha, na alama ipi inajitokeza sana katika maandishi yaliyofichwa. Alionesha kwamba herufi hazina uzito sawa, na kwamba mwenye kuzihesabu hufahamu jambo ambalo mwenye kuzitazama tu halioni.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1951, mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT nchini Marekani, David Huffman, alipewa na mwalimu wake Robert Fano hiari ya kufanya mtihani wa mwisho au kuandika utafiti. Akachagua utafiti, na akagundua njia ya kuandika maneno kwa biti chache kabisa: herufi inayojirudia sana ipewe alama fupi, na ya nadra ipewe alama ndefu. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1952, na bado imo ndani ya picha za JPEG.

Tuijaribu kwa methali yetu: haraka haraka haina baraka. Tukiacha nafasi baina ya maneno, kuna herufi 23. Tukizihesabu: a ziko 11, h ziko 3, r ziko 3, k ziko 3, na b, i, n kila moja iko 1. Aina za herufi ni 7. Tukigawa sawa kwa sawa, kila herufi inahitaji biti 3, na jumla ni 23 x 3 = biti 69.

Sasa tugawe baada ya kuhesabu:

a = 0
r = 100
k = 101
h = 110
b = 1110
i = 11110
n = 11111

Herufi a zinachukua biti 11. Herufi r, k na h kwa pamoja ni 9, zinachukua biti 27. Herufi b inachukua 4, i inachukua 5 na n inachukua 5. Jumla ni biti 52. Tumeokoa biti 17 bila ya kupoteza hata herufi moja. Ni kweli kwamba jedwali nalo lazima liandikwe mahali ili msomaji alijue, lakini katika maandishi marefu gharama yake ni ndogo.

Angalieni sharti la kazi hii: huwezi kutoa alama ya kwanza mpaka umeisoma sentensi yote na kuhesabu. Mara ya kwanza unasoma ili ujue. Mara ya pili unaandika. Hizo ni pasi mbili, na methali yenyewe imeshatufundisha sababu yake.

4. Pasi moja na mapungufu yake

Njia nyepesi kabisa ni kuipa kila sekunde biti sawasawa. VCD, zilizoenea sana kwetu katika miaka ya 2000, zilifanya hivyo: picha zilipewa kilobiti 1,150 kwa sekunde, ziwe tulivu au zenye vurugu. Waliotazama kanda za harusi katika VCD wanakumbuka. Wakati wa khutba ya ndoa picha ilikuwa safi. Ngoma ilipoanza, skrini ikajaa miraba. Wakati wa khutba biti zilikuwa nyingi kuliko haja, na wakati wa ngoma zikapungua. Hesabu ilikuwa sawa, lakini mgawo haukuwa wa haki.

Njia ya pili ni pasi moja yenye wastani. Programu inaambiwa: "Usizidishe wastani huu." Inaanza kubana tangu sekunde ya kwanza, ikitoa zaidi penye haja na kidogo pasipo na haja. Hii ni afadhali, lakini ina kasoro moja kubwa: programu haijui yaliyo mbele. Ikikutana na zafa dakika ya 5, haijui kama baada yake kuna saa nzima ya utulivu au kuna zafa nyingine tatu. Ikitoa sana, inaogopa kuishiwa. Ikibana sana, inaiharibu zafa bure, na mwisho wa faili inajikuta na akiba isiyo na kazi.

Wanafunzi wanaosoma mirathi wataifahamu hali hii. Hakuna anayemkabidhi mrithi wa kwanza aliyefika mlangoni fungu lake kabla ya kujua mali ni kiasi gani, deni ni kiasi gani, na warithi ni wangapi. Mafungu hayatoki mpaka vyote vijulikane.

5. Pasi mbili

Katika pasi ya kwanza programu huipitia video yote bila ya kutoa video yoyote. Inachotoa ni faili ndogo ya kumbukumbu. Kwa kila picha inaandika: hii ni ya aina gani, ni picha kamili au ya mabadiliko, na ilihitaji biti ngapi. Ikifika mwisho, inayo ramani ya video nzima: hapa pepesi, hapa pazito, hapa pazito zaidi.

Katika pasi ya pili inarudi mwanzo ikiwa na ramani mkononi. Inajua bakuli lina biti ngapi na inajua haja ya kila picha. Ndipo inapogawa, na ndipo faili halisi inapoandikwa.

Wanafunzi wa tafsiri mnakijua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) na ndoto ya mfalme, ng'ombe saba wanene wakiliwa na saba waliokonda. Kwa elimu aliyopewa na Mola wake alijua kwamba itakuja miaka saba ya neema kisha miaka saba ya dhiki. Kwa kuwa miaka yote 14 ilijulikana kabla, katika miaka ya neema watu walikula kwa kiasi na nafaka ikawekwa akiba, na katika miaka ya dhiki ikapatikana. Miaka ya neema ingelitumiwa bila ya kujua yajayo, ghala lingelikuwa tupu siku ya haja.

Iko tofauti moja inayofaa kuzingatiwa. Nafaka hukopwa kutoka mwaka uliopita tu. Huwezi kula leo mavuno ya mwakani. Katika video inawezekana. Zafa ikiwa mwanzoni kabisa, programu yenye ramani inaweza kuipa biti nyingi tangu dakika ya kwanza, kwa sababu inajua kwa yakini kwamba darsa inayofuata itakuwa na haja ndogo. Hili ndilo jambo ambalo pasi moja haiwezi kulifanya kwa utulivu.

6. Tufanye hesabu

Tuseme tunayo rekodi ya saa 2, na tunataka faili isizidi GB 1.

Hatua ya kwanza: muda kwa sekunde. Saa 2 x 3,600 = sekunde 7,200.

Hatua ya pili: biti zote. GB 1 ni baiti 1,000,000,000. Zidisha kwa 8, unapata biti 8,000,000,000. (Kompyuta nyingine huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Tukitumia 1,000 tunabaki upande wa salama.)

Hatua ya tatu: gawanya. 8,000,000,000 ÷ 7,200 = 1,111,111. Yaani kilobiti 1,111 kwa sekunde, kwa sauti na picha pamoja.

Hatua ya nne: ondoa sauti. Tukiipa sauti 128, zinabaki 983.

Hatua ya tano: acha akiba kidogo kwa ajili ya mambo ya ndani ya faili. Tuandike 960.

Tuhakikishe: 960 + 128 = 1,088. Zidisha kwa 7,200, kisha gawanya kwa 8. Jibu ni kilobaiti 979,200, yaani kama MB 979. Iko chini ya GB 1, alhamdulillah.

Sasa tuone mgawo wenyewe. Katika dakika 120, tuseme dakika 80 ni msomaji aliyeketi, dakika 30 ni kikundi cha kaswida kilichosimama, na dakika 10 ni zafa. Kwa bitireti isiyobadilika wote wanapata 960. Kwa pasi mbili, mgawo unaweza kuwa hivi:

Msomaji: dakika 80 x 700 = 56,000
Kaswida: dakika 30 x 1,200 = 36,000
Zafa: dakika 10 x 2,320 = 23,200
Jumla: 115,200

Na 960 x 120 ni 115,200 vilevile. Namba za mgawo huu ni za mfano tu, programu itapima yenyewe, lakini funzo lake ni la kweli: msomaji amepunguziwa 260, na kwa utulivu wake hata hakuhisi. Zafa imepata zaidi ya mara mbili. Faili haikuongezeka hata baiti moja.

7. Namna ya kufanya

Ziko programu nyingi. Tutachukua HandBrake, ambayo ni ya bure na inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux.

(a) Nakili faili ya asili kwenye kompyuta. Usiikate kutoka kwenye kadi ya kamera, inakili.

(b) Ifungue katika HandBrake na uchague aina ya MP4.

(c) Ingia sehemu ya "Video" na uchague H.264. Idadi ya picha kwa sekunde iache kama ilivyo katika asili.

(d) Penye ubora chagua "Avg Bitrate" na uandike 960.

(e) Weka alama kwenye kisanduku cha "Multi-Pass Encoding". Katika matoleo ya zamani kimeandikwa "2-Pass Encoding". Karibu yake kipo cha "Turbo", kinachoharakisha pasi ya kwanza. Si vibaya kukitumia.

(f) Ingia sehemu ya sauti, chagua AAC na uandike 128.

(g) Ipe faili mpya jina jipya, kisha anza. Kazi itachukua muda mrefu kuliko pasi moja, pengine karibu mara mbili. Iache usiku, au uianze kabla ya kwenda msikitini.

Zingatieni onyo moja. Wako wanaotaka kujaribu kwanza kwa kukata kile kipande cha zafa peke yake na kukibana kwa 960. Jaribio hilo linadanganya. Wastani wa 960 utahesabiwa ndani ya zafa tu, na hapo hakuna kipande tulivu cha kukopwa. Hukumu itolewe baada ya kubana faili nzima.

8. Sauti isidhulumiwe

Hapa ndipo penye uzito mkubwa kwetu sisi watu wa madrasa. Mtu akitaka kupata nafasi zaidi kwa ajili ya picha, huona wepesi kupunguza sauti kutoka 128 hadi 32 au 24. Sauti iliyobanwa sana hupoteza kwanza masafa ya juu, yaani ule mlio mwembamba. Na humo ndimo zinamoishi sauti za herufi kama siin, shiin, swaad na thaa. Zikikatwa, siin na thaa huanza kukaribiana masikioni.

Kwa mtu anayesikiliza habari hilo si kubwa. Lakini mtoto anayejifunza kusoma kwa kumfuatiliza msomaji wa kwenye rekodi, atajifunza kile anachokisikia. Mwalimu amefundisha makharij kwa miaka, na faili moja iliyobanwa vibaya inayafuta. Kwa hivyo rekodi ya Qur'ani isishushwe sauti ili picha ipendeze. Kama nafasi ni finyu, punguza vipimo vya picha. Kutoka pikseli 1,280 kwa 720 kwenda 854 kwa 480, idadi yake hushuka kutoka 921,600 hadi 409,920, ambayo ni chini ya nusu. Na nafasi ikiwa finyu zaidi, toa sauti peke yake bila ya picha. Saa 2 za sauti kwa 128 ni kama MB 115 tu.

9. Pasi mbili si dawa ya kila kitu

Kwanza, haziongezi biti. Bakuli likiwa dogo mno, mgawo wa haki nao utakuwa wa njaa. Saa 5 za zafa haziingii vizuri katika MB 300 kwa hila yoyote.

Pili, hazina haja pale ambapo ukubwa haujawekwa. Kama unataka tu faili nzuri ya kuweka kwenye kompyuta ya madrasa, tumia ubora usiobadilika, ambao katika HandBrake huandikwa "Constant Quality". Namba kati ya 19 na 23 inafaa kwa video ya 720. Pasi moja inatosha, na faili itakuwa na ukubwa wowote itakaouhitaji. Pasi mbili ni za pale ambapo mpaka wa ukubwa upo na haupitwi.

Tatu, hazirudishi kilichokwisha kupotea. Ukiibana faili iliyokwisha kubanwa, unabana na makosa yake. Nakala ya nakala kila siku ni mbaya kuliko nakala. Daima anza na faili ya asili, na ihifadhi sehemu mbili tofauti, kwa sababu diski hufa bila ya kuaga.

Nne, haziondoi kazi ya mpiga picha. Kamera ikiwekwa juu ya stendi badala ya kushikwa mkononi, na chumba kikiwa na mwanga wa kutosha ili chenga zisitokee, biti nyingi zimeshaokolewa kabla ya kompyuta kuwashwa.

Hitimisho

Kubana ni kuacha baadhi ya vitu. Kila faili iliyobanwa kwa njia hizi imepoteza kitu, na anayebana ndiye anayeamua kipotee nini. Rekodi ya madrasa ni amana ya wasiokuwepo: sheikh ambaye hawezi kurudia darsa yake, na mtoto ambaye hatarudi kuwa na miaka 7. Mwenye kubana kwa pupa huamua bila ya kujua. Mwenye kupima kwanza huona haja ya kila kipande, kisha hukipa kile kinachokistahiki. Uadilifu ni kukiweka kitu mahali pake, na si lazima uwe ni kukata sawa kwa sawa.

Kijana atakayepewa kazi ya kurekodi shughuli zetu asiione kuwa ni kazi ndogo. Apime, ahesabu, agawe, na asifute asili.

Maswali ya kujipima

1. Darsa ya dakika 50 inatakiwa iwe faili isiyozidi MB 300. Tafuta bitireti ya jumla, kisha uondoe sauti ya 96. Inabaki ngapi kwa picha?

2. Katika pasi ya kwanza programu inatoa kitu gani? Kwa nini haitoi video?

3. Hesabu herufi za jina lako na la baba yako. Herufi ipi inastahiki alama fupi kabisa?

4. Flashi ya GB 16 imekataa faili ya GB 5 ingawa haina kitu ndani yake. Eleza sababu.

5. Kwa nini haifai kupunguza sauti ya kisomo ili kuipa picha nafasi?

6. Taja hali mbili ambazo pasi mbili hazina faida ndani yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa na atuwezeshe kuzichunga amana zetu. Wabillahi tawfiq.